Nyumba ya bibi Miyomboni: tuuze au tubaki?

SWALI: Kamwene dada. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi Iringa mjini, Miyomboni, kwenye nyumba ya marehemu bibi mzaa baba, ndo nilipolelewa. Ni nyumba ya zamani ya udongo, kuta nene, bati limeshika kutu, ila mbele ina baraza refu ambalo fundi cherehani mmoja alipanga miaka mingi, na mpaka leo sakafuni pana alama nyeusi ya pasi yake ya mkaa, wanangu wanaikanyaga kila siku hata hawajui ni ya nani.

Sasa mtaa umebadilika dada, yaani sijui nianzie wapi. Jirani wa kushoto aliuza, wakabomoa siku mbili tu, wakasimamisha fremu za maduka na juu wanapandisha ghorofa. Vumbi mpaka kwenye sufuria, na jua la asubuhi halifiki tena uani, na unajua baridi yetu ya mwezi wa saba, nguo inakaa siku mbili kwenye kamba. Wa kulia wamemfuata mtoto wao Kihesa. Jioni nikiishiwa chumvi simjui wa kumgongea. Baba mkubwa anasema dalali kaleta mteja, tuuze tugawane kila mtu akajenge Mwangata au Ipogolo huko, na baba wadogo wamekubali, tumebaki mimi na shangazi. Bibi alikufa kwanza, baba yangu akafuata mwaka juzi. Nauliza, hivi nyumba ya zamani si inalindwa na serikali? Na je, nang'ang'ania kitu kilichokwisha?
Mama wa watatu, Miyomboni

JIBU: Kamwene mama, na pole kwa kumpoteza bibi na baba. Nianze na hilo la mwisho mana naona ndo linalokuuma. Hapana, hujang'ang'ania kitu kilichokwisha, unaishi ndani yake na wanao wanalala humo, na mtu anayelilia jua la uani kwake analilia kitu cha kweli kabisa, usikubali wakwambie ni utoto.

Ila kwenye serikali nikwambie ukweli hata kama hautakufurahisha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, mengine yote mpaka yatangazwe rasmi. Sasa piga hesabu, Wajerumani waliiangusha Kalenga, ngome ya Mkwawa, Oktoba 1894, na mji huu tunaoukaa sisi waliuanzisha 1896, kwahiyo nyumba zetu za Miyomboni, Kitanzini na Makorongoni zote ni changa mbele ya huo mwaka wa 1863, na ya bibi yako kama haijatangazwa inaweza kubomolewa kesho kwa kibali cha kawaida cha ujenzi. Mimi hili linaniumiza sana, mana wengi tunakaa tukiamini kuna mtu mahali fulani anatulindia. Angalia boma pale mjini, lilianza kama hospitali enzi za Mjerumani, likawa ofisi za serikali, leo ni makumbusho ya mkoa. Limesimama mpaka leo kwasababu kila kizazi kililitafutia kazi ya kufanya.

Kwahiyo ulinzi wa kwanza wa hiyo nyumba ni nyie wenyewe, na hapo ndo una nguvu kuliko unavyodhani. Muulize baba mkubwa swali moja kwa adabu: msimamizi wa mirathi ni nani? Kama hajateuliwa na mahakama, hakuna wa kuuza hiyo nyumba kihalali, hata ndugu wote wakisaini kwenye karatasi ya dalali. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, muhtasari unaandikwa, mahakama ndo inateua, na shangazi akiwa mrithi ana haki ya kuweka pingamizi kama hakubaliani na mtu aliyependekezwa. Na wewe humo ndani una kitu pia, mana baba yako alikufa baada ya bibi, fungu lake halikufa naye, linaingia kwenye mirathi yake na nyie watoto wake ndo warithi. Kama nyumba ina hati, anayedai haki anaweza kuomba kwa msajili wa hati iwekewe zuio lisifanyike lolote kimyakimya. Fanya haya bila ugomvi, peleka chai, ongea na shangazi kwanza, baba mkubwa ni baba yako.

Alafu bei. Dalali analipwa nyumba ikiuzwa, kwahiyo msichukue bei ya mdomoni mwake. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa, mumlipe wenyewe, awaambie kiwanja cha katikati ya mji kina thamani gani. Nimeona familia zikigawana hela ya kiwanja cha mjini kwa watu wengi, kila mmoja anapata ya msingi na kozi chache za tofali huko pembeni, miaka inapita nyasi zinaota kwenye msingi na mjini hawana tena pa kufikia. Mkae mpige hesabu nyingine: vyumba viwili vya mbele vifanywe fremu, baraza libaki, nyuma mkae, kodi igawanywe kwa maandishi na watu wasaini. Na kama huyo mteja kweli anataka kiwanja, ipo pia njia ya ubia, yeye anajenga nyie mnabaki na sehemu, na tangu 2008 tuna sheria inayoruhusu kila mtu kuwa na hati ya kipande chake ndani ya jengo moja, ila hapo wakili ni lazima, wa kwenu sio wa kwake.

Nyumba yenyewe sasa. Chukua kifundo cha kidole ugonge ukuta, ukisikia mlio kama wa debe tupu ujue plasta imeachana na udongo. Mara nyingi ni ile plasta ya simenti waliyopiga baadaye, simenti inaziba, unyevu wa masika unabaki ndani, udongo unalainika taratibu na siku moja kipande kizima kinadondoka. Fundi akija akakwambia abandue apige simenti tena mkatalie, mwambie chokaa na mchanga, ukuta wa udongo unataka kupumua. Kwanza kabisa shughulikia bati na maji ya mvua yanayorukia chini ya ukuta, mana hapo ndo nyumba za udongo zinapoanza kufa. Na huko kwa jirani, kama kuna nyufa zimetokea upande wako piga picha zenye tarehe, nenda kwa mtendaji wa mtaa na kwa watu wa mipango miji manispaa uulize kibali chake kinasema ghorofa ngapi na anatakiwa aache nafasi kiasi gani mpakani.

Kuhusu watu sina dawa ya haraka mama. Mji wetu umeshahamisha watu mara nyingi, hata 1971 serikali ilipotaifisha majumba ya thamani ya kuanzia shilingi laki moja kuna familia zilizokuwa zikiuza duka mbele na kulala nyuma zikaondoka, wakaingia wengine, na hao wengine ndo wakawa majirani tuliowazoea. Hao wa kwenye fremu nao wana majina, wana watoto. Toa mkeka barazani jioni, waite. Na hao wanao waambie ile alama nyeusi ni ya nani.

Ukiniuliza mimi, mwaka huu msiuze.

SWALI: Dada mambo, mi nimepanga chumba Kitanzini karibu na soko, nalipa mwezi kwa mwezi, baba mwenye nyumba kasema anavunja aweke gesti nihame ndani ya wiki moja, na huu mwezi nishalipa. Ni haki kweli?
Muuza mitumba

JIBU: Sio haki mdogo wangu. Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi, notisi isipungue mwezi mmoja, labda kama mlisaini mkataba unaosema vingine, kwahiyo kausome kwanza kama upo. Muombe akuandikie notisi kwa karatasi yenye tarehe, na kama anataka chumba mapema akurudishie hela ya siku ambazo hutakaa. Akigoma anza baraza la kata, tangu 2021 wao kazi yao ni kusuluhisha tu, hawatoi hukumu, lakini ndo mlango wa kwanza, ikishindikana wanakuandikia unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Risiti zako za kodi, au meseji za malipo kwenye simu, usifute hata moja. Na uanze kutafuta chumba leo hii hii, Mlandege pale bado unaweza kushuka sokoni kwa miguu na mzigo wako.