Kumlilia Albini kwa maiki mbili na kidumbak

Steve Albini, mpiga gitaa na fundi wa kurekodi muziki wa Marekani, alifariki Chicago tarehe 7 Mei 2024, ana miaka 61, siku 10 kabla bendi yake ya Shellac haijatoa albamu yake mpya. Msiba huu ni mzito kwa kila anayerekodi muziki kwa mikono yake. Albini hakupenda kuitwa prodyuza. Alikuwa fundi: aweke maiki mahali pake, awaache wapigaji wapige, achukue ujira wake mara moja. Kwa albamu ya bendi ya roki ya Nirvana ya mwaka 1993 alitoza dola 100,000 na kukataa mgao wa mauzo, akitaka alipwe kama fundi bomba.

Anayetaka kumuenzi hapa Unguja atafute kikundi cha kidumbak, ngoma ya harusini iliyo ndugu wa taarab, akirekodi chumba kimoja, wote kwa pamoja. Fidla, sanduku (besi ya kamba moja), vidumbak viwili (ngoma ndogo), mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (manyanga) na mwimbaji huenda kwa kusikilizana. Ukiwatenga, kila mtu na hedifoni yake, mwendo unavunjika na hakuna programu ya kuurudisha.

Rekoda moja, maiki mbili za aina moja na stendi zinatosha. Kazi kubwa ni chumba. Kuta za saruji za nyumba nyingi za mtaa wa Ng'ambo hapa mjini hurudisha mwangwi mkali, basi tandika mikeka na mazulia, kisha simamisha magodoro mawili ya sufi kwenye kuta mbili zinazopakana. Usizibe kuta zote, sauti itakufa. Zima feni na friji. Anza baada ya sala ya isha: kunguru wamelala na hakuna adhana ya kukukata katikati. Paa likiwa la bati na masika yameingia, ahirisha.

Funga maiki zote mbili kwenye stendi moja, vichwa viachane sentimita 17, zifunguke kwa pembe ya digrii 110, mita 2 hivi mbele ya nusu duara ya wapigaji. Sasa vaa hedifoni, usikilize, na upange watu badala ya kuzungusha vitufe. Mwimbaji akae katikati, karibu. Cherewa na mkwasa nyuma kabisa, kwani mlio wao hupenya kila kitu na ukishaingia hautoki. Anayezidi arudi nyuma: uwanjani, kutoka mita 1 hadi 2 hupunguza sauti kwa desibeli 6, chumbani haipungui kiasi hicho kwa sababu ya mwangwi, kwa hiyo msogeze tena. Sanduku lisikae konani. Kona huvimbisha besi mpaka noti zote zikawa ngurumo moja. Litoe mita nzima kutoka ukutani.

Ngozi za vidumbak hulegea kwa unyevu wetu wa pwani. Zipashwe moto kabla ya kuanza, na tena kila baada ya nyimbo mbili. Wengi husahau hapa, halafu wanashangaa kipande cha saa tatu hakikubali kuungana na cha saa nne.

Waombe wapige ile sehemu iliyochangamka kuliko zote, uweke kipimo cha rekoda ili kilele chake kifike desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo mwisho wa kipimo. Wakipata moto watazidi hapo, na sauti iliyopasuka haitengenezeki. Weka rekoda kwenye biti 24 na kilohezi 48. Saa moja ya stirio hula takriban gigabaiti 1. Endesha rekoda kwa betri, maana chaja mara nyingi huleta mvumo, na umeme ukikatika faili huweza kuharibika.

Wimbo upigwe mzima mara tatu, wachague wenyewe.

Pesa zizungumzwe kabla stendi haijafunguliwa. Taja ujira wako, wala usitie jina lako kwenye utunzi. Andika mtunzi, wapigaji wote, tarehe na mtaa, ili kikundi kikienda COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kusajili kazi kiwe na maandishi mkononi. Albini aling'ang'ania mkanda wa analogi kwa sababu aliamini utachezeka baada ya miaka mingi. Asiye na mkanda atoe nakala kwenye diski mbili tofauti, na moja aikabidhi kwa kikundi usiku ule ule, kabla hawajatawanyika.