Usifuate jina, fuata shamba: kuwatafuta wahenga waliotoka Norwe

Kitabu cha nyimbo kilikuwa kimeviringishwa kwenye kitambaa cha meza, ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda cha mama mkwe. Jalada lake la ngozi limekauka hadi linabanduka ukiligusa. Ukurasa wa mwanzo kuna mwandiko wa wino uliogeuka kahawia: jina la mtu, mwaka 1847, na neno moja ambalo hakuna aliyelielewa katika nyumba nzima. Wakwe zangu waliamini ni jina la ukoo lililosahaulika. Ilinichukua karibu miaka miwili kugundua kwamba lile neno ni jina la shamba, na kwamba ndilo nililokuwa nalitafuta muda wote huo.

Mimi nimezaliwa Lushoto, nikakulia Tanga, na sasa naishi Minnesota na mume wangu ambaye ni kilembwe cha mwenye kile kitabu. Kazi hii niliianza kwa ajili ya watoto. Walipoulizia asili yao, upande wangu niliwahesabia mababu bila kutazama karatasi. Upande wa baba yao, hesabu ilikwama kwenye neno "Norwe". Nchi nzima! Ni sawa na kumwambia mtoto babu yake alitoka Afrika. Iliniuma, kwa sababu watu hawa nao walikuwa na kijiji, jirani na kisima cha kuchotea maji.

Wanorwe waliohamia Marekani ya Kaskazini kati ya mwaka 1825 na 1925 wanakadiriwa kufika 800,000. Ukitaka kuona ukubwa wake, sensa ya Norwe ya mwaka 1801 ilihesabu watu karibu 883,000 tu. Safari ya kwanza inayokumbukwa ni ya merikebu ndogo ya Restauration, iliyong'oa nanga Stavanger Julai 1825 na watu 52, ikafika New York Oktoba ikiwa na 53, maana mtoto mmoja alizaliwa njiani. Sababu za kuhama zilikuwa nyingi, ila kubwa ilikuwa ardhi. Sehemu ndogo sana ya nchi ile inalimika, na shamba kwa desturi lilimwendea mtoto wa kwanza. Wadogo zake wakabaki kuwa wapangaji kwenye kipande cha ardhi ya mtu, wakilipa kwa kumfanyia kazi.

Sasa niseme nilipopotea, ili wewe usipotee. Nilianza kwa kuandika jina la ukoo la mume wangu mtandaoni. Nikapata mti wa ukoo umeshatengenezwa na mtu nisiyemjua, unarudi nyuma hadi miaka ya 1600. Nilifurahi, nikamwonyesha wifi yangu, naye akauchapa akaubandika ukutani. Miezi minane baadaye nikagundua kwamba yule mtu aliyeandikwa pale kama babu yetu alikufa na kuzikwa Norwe akiwa mtoto wa miaka minne. Aliyetengeneza ule mti aliona jina linafanana, akaunganisha. Wengine wakanakili kwake, nami nikanakili kwao. Kumwambia wifi aubandue ukutani haikuwa rahisi.

Kosa langu lilikuwa kuamini jina. Na hapa sisi wa pwani tuna faida ambayo jamaa zetu wa Marekani hawana. Kwetu Juma bin Ali ana mwana, mwana anaitwa Hamisi bin Juma. Hakuna anayeshangaa kwamba jina la mwisho limebadilika. Wanorwe wa vijijini walikuwa hivyo hivyo. Ole mtoto wa Lars ni Ole Larsen, yaani Ole bin Lars. Mwanawe Lars ni Lars Olsen. Binti yake Guri ni Guri Olsdatter, binti Ole, na atabaki binti Ole hata akiolewa, kwa sababu kuolewa hakukumbadilisha baba. Ni mwaka 1923 ndipo sheria ilipomtaka kila mtu awe na jina la ukoo la kudumu. Kwa hiyo ukitafuta "ukoo wa Olsen" miaka ya 1840, unatafuta watoto wote wa kina Ole wote wa nchi nzima.

Kisha kuna jina la tatu, na hili ndilo lililonizungusha. Mtu akiitwa Ole Larsen Haugen, Haugen ni mahali anapoishi. Akihamia shamba la Bakken, kuanzia hapo ni Ole Larsen Bakken. Akioa mrithi wa shamba, mara nyingi huchukua jina la shamba la mkewe. Kijakazi anayelala kwenye ghala la shamba lile naye huandikwa kwa jina lile lile ingawa hana undugu na mwenye nyumba. Jina hilo lilikuwa anwani. Walipofika Marekani, wapo walioshika jina la baba na wapo walioshika la shamba, hata ndugu wa tumbo moja wakaishia kuwa na majina tofauti. Na usikubali ile hadithi kwamba maafisa wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji cha New York, ndio waliobadilisha majina. Kituo kile kilifunguliwa mwaka 1892. Wa kwetu alifika katikati ya miaka ya 1850, na kama Wanorwe wengi wa wakati huo alishukia Quebec, Kanada, kwa meli zilizopeleka watu na kurudi na mbao, kisha akapanda kupitia Maziwa Makuu ya Marekani ya Kaskazini.

Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe "anaitwa nani?" Uliza "ni wa wapi?" Na "wapi" maana yake usharika na shamba. Hata jina la shamba peke yake halitoshi: Haugen, Bakken, Berg na Lien zimetapakaa nchi nzima, kama Majengo zilivyotapakaa kwetu.

Jibu la swali hilo, ajabu, huwa liko Marekani. Usikimbilie kumbukumbu za Norwe kabla hujamaliza za huku. Sensa za Marekani zitakuandikia "Norway" tu, ingawa ya mwaka 1900 huuliza pia mtu aliingia nchini mwaka gani, na hilo ni la kushika. Hazina yenyewe iko kwenye vitabu vya makanisa ya Kilutheri ya Wanorwe. Mchungaji alikuwa ametoka kule kule, anaelewa kwamba mtu bila mahali si mtu kamili, kwa hiyo kwenye ubatizo, ndoa na mazishi mara nyingi aliandika usharika wa kuzaliwa. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na ndiye aliyejaza daftari la ubatizo usharikani kwetu. Nilipofungua lile la Spring Grove, kusini mashariki mwa Minnesota, nikaona mistari ile ile: mtoto, wazazi, wasimamizi wa ubatizo. Kwenye safu ya mazishi, mbele ya jina la mzee wetu, mchungaji ameandika neno moja: Gol. Ni usharika wa bonde la Hallingdal. Wahamiaji wengi wa Spring Grove walitoka bonde hilo, nami nilikuwa nimeshinda miezi nikichambua vitabu vya Stavanger.

Angalia pia matangazo ya vifo kwenye magazeti ya Kinorwe yaliyochapwa Marekani. Decorah-Posten la Iowa lilitoka tangu 1874 hadi 1972. Na tafuta vyama vya watu wa bonde moja, wanaviita bygdelag. Ni kama umoja wa watu wa kwetu tunaoanzisha tukiwa ugenini. Kile cha watu wa Valdres kilianza mwaka 1899. Wazee wa vyama hivi wanajua mambo ambayo hayajaandikwa popote, na mimi walinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Madison, Wisconsin, kuna kituo cha nasaba za Wanorwe wa Marekani kinachosaidia watafiti kama sisi.

Ukishapata usharika, ingia Digitalarkivet, tovuti ya hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Norwe. Ni bure. Picha za vitabu vya makanisa ziko humo, na sensa za 1801, 1865, 1875, 1891, 1900, 1910 na 1920. Kati ya 1801 na 1865 hakuna sensa ya nchi nzima yenye majina ya watu wote, kwa hiyo miaka hiyo utategemea vitabu vya kanisa. Polisi walianza kuorodhesha wahamiaji Kristiania, ambayo sasa ni Oslo, na Trondheim mwaka 1867, Bergen 1874. Mtu wako akiwa ameondoka kabla ya hapo usipoteze muda huko. Angalia orodha ya waliohama kwenye kitabu cha usharika. Unapotafuta, weka kinyota mahali pa herufi usizo na hakika nazo: Kristoffer na Christopher ni yule yule.

Kitabu cha kipaimara ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kipaimara kilikuwa cha lazima tangu 1736, hivyo karibu kila kijana yumo. Ukurasa wa mzee wetu nimeutazama mara nyingi hadi naweza kuuchora. Mwaka 1847, namba yake, jina, tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, jina la shamba, tarehe ya kuchanjwa ndui, na tathmini ya mchungaji kuhusu ujuzi wake: "meget god", mzuri sana. Jina la shamba ndilo lile neno la kwenye kitabu cha nyimbo. Kumbe kitabu kile kilikuwa zawadi ya kipaimara. Niliita nyumba nzima waje waone.

Mwandiko utakusumbua, sitakuficha. Ni ule wa Kigothi, ambamo e inafanana na n, na u imewekewa kijiti kilichopinda juu yake. Nilichofanya ni kutafuta kwanza majina ninayoyajua, Ole, Lars, Kari, nikayachora kwenye daftari na kujitengenezea alfabeti ya yule mchungaji mmoja. Mchungaji akibadilika, unaanza upya. Vitabu vya zamani zaidi vina tarehe kama "Dom. 3 p. Trin." Mlutheri wa nyumbani hahitaji kufundishwa: ni Jumapili ya 3 baada ya Utatu. Unatafuta tu Pasaka ya mwaka ule iliangukia lini, ukahesabu kuanzia hapo. Na ukiona "eie" mwishoni mwa jina la shamba, au neno "husmand", basi familia yako haikuwa na shamba hilo. Walikuwa wale wapangaji niliowataja.

Ndivyo walivyokuwa wa kwetu. Kwenye sensa ya 1865, ambayo inaorodhesha hadi mifugo na mbegu, ndugu yake aliyebaki ana ng'ombe mmoja, kondoo wanne, mbuzi watatu na viazi alivyopanda. Ng'ombe mmoja kwa watu saba. Baada ya kusoma mstari ule sikuhitaji tena mtu wa kunieleza kwa nini kijana aliyepata "mzuri sana" alipanda meli.

Kuhakiki kwamba umepata familia sahihi, tumia majina ya watoto. Nilikuwa namwonyesha rafiki yangu Mkikuyu tunayesali naye hapa Minneapolis orodha ya watoto wa mzee, akaniambia bila kufikiri: "Huyu wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama." Nilishangaa amejuaje. Akasema kwao ndivyo inavyofanyika. Na kwa Wanorwe ni vivyo hivyo, wavulana kwa mababu, wasichana kwa mabibi. Mtoto akifa, atakayefuata wa jinsia ile hupewa jina lile lile, kwa hiyo usidhani mchungaji kakosea ukiona jina mara mbili. Mjane akiolewa tena, mvulana wa kwanza mara nyingi hupewa jina la marehemu mume. Kama majina ya watoto hayaendani kabisa na wazazi uliowachagua, simama, hakiki tena. Ningejua hili mapema, ule mti wa kwanza nisingeuamini hata siku moja.

Kipimo cha vinasaba tulifanya pia. Kilituletea jamaa mamia, ila watu wa bonde moja wameoana vizazi na vizazi, kila mmoja ni ndugu wa kila mmoja. Bila karatasi hakikutufikisha mbali.

Mwishoni tafuta bygdebok, kitabu cha historia ya mashamba ya eneo, kinachoorodhesha shamba moja baada ya jingine na waliokaa humo. Maeneo mengi ya Norwe yanavyo, ingawa vingi viko kwenye maktaba tu. Cha kwetu kilinijia kwa azima ya maktaba, na nilimpelekea mama mkwe akiwa jikoni. Watoto saba wa lile shamba wameorodheshwa. Wa tatu ndiye wetu, na mbele ya jina lake kuna maneno matatu: "reiste til Amerika". Alikwenda Marekani. Mama mkwe aliweka kidole kwenye mstari ule, akakaa nao kimya hadi chai ikapoa.

Sasa namtafuta mke wa mzee. Kitabu cha Spring Grove kinasema alizaliwa Ål, usharika wa jirani na Gol, na mwaka ule walibatizwa huko wasichana watatu wenye jina moja, baba zao wote wakiitwa Ole. Nimeandika wazazi na wasimamizi wa ubatizo wa kila mmoja kwenye karatasi yake, na watoto aliowazaa Minnesota kwenye karatasi ya nne. Karatasi zote nne ziko juu ya meza ya kulia chakula, na binti yangu akitoka shule tunakaa kuzilinganisha.