Usiisugue rupia ya bibi

SWALI: Shikamoo mzee. Bibi yetu alifariki mwaka jana huku Pangani, akatuachia kopo la biskuti lenye sarafu 17. Kumi na moja ni rupia za Mjerumani, zile za Kaisari mwenye masharubu na kofia ya ndege, za kati ya 1891 na 1912. Tano ni shilingi za simba. Moja ni kubwa, ina picha ya mama mnene na mwaka 1780. Zote zilikuwa nyeusi kama masizi. Rafiki wa mjomba akasema hazitapata bei mpaka zisafishwe, nikaanza na rupia moja ya 1891: ndimu na majivu, nikamalizia na dawa ya meno. Sasa inang'aa kama mpya. Niendelee na zilizobaki? Na ile ya 1780, kwa umri wake, niombe milioni ngapi?
Msomaji, Pangani

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Usiendelee. Hiyo ndimu kaikamulie samaki.

Barua kama yako napata karibu kila wiki, na karibu kila wiki inakuja imechelewa kwa sarafu moja au mbili. Wewe walau umeharibu moja. Kuna bwana aliniletea mfuko wa rupia zaidi ya 30, zote zimepitishwa kwenye mashine ya sonara mmoja mjini, zinameta kama vijiko vya harusi. Katikati yake kulikuwa na kipande cha rupia mbili cha 1893. Rupia mbili zilipigwa 1893 na 1894 tu, na watu huzitafuta miaka. Nilikishika nikakirudisha mezani, sikuwa na la kumwambia. Alikuwa amemlipa sonara pesa amharibie mali.

Sasa chukua hiyo uliyosugua, usimame mlangoni asubuhi jua likiwa la upande. Iinamishe polepole. Sarafu ambayo haijaguswa, hata ikiwa na weusi, mwanga huzunguka juu yake kama spoku za baiskeli. Yako itang'aa yote kwa pamoja, bapa, kama sufuria. Kisha azima lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara kumi, uangalie shavu la Kaisari. Utaona mikwaruzo myembamba imelala upande mmoja, mamia yake. Huo ni mwendo wa kidole gumba chako. Na ndani ya herufi za GUILELMUS, jina la Kaisari kwa Kilatini, kuna unga mweupe umeng'ang'ania: dawa ya meno. Mnunuzi anayejua kazi anaviona vyote viwili kabla hujamaliza kusalimia.

Neno lako la "kama mpya" ndilo linaloniumiza kichwa. Sarafu inapopigwa chapa, madini husukumwa kwa nguvu kutoka katikati kwenda ukingoni, na hubaki na mifereji midogo sana ambayo jicho halioni. Ule mzunguko wa mwanga unatoka humo. Mifereji ikishasuguliwa imekwenda, na hakuna fundi duniani wa kuirudisha. Weusi nao si uchafu uliokaa juu kama tope kwenye kiatu. Ni fedha yenyewe, ya sarafu hiyohiyo, iliyoungana na salfa ya hewani, moshi wa kuni au jasho la mikono. Ukiubandua umebandua ngozi. Ndimu peke yake pengine isingefanya makubwa. Majivu ndiyo yaliyokuwa msasa. Mkusanyaji analipia ile ngozi. Weusi uliotulia sawasawa, wenye kijivu na pengine buluu kidogo pembeni, ni ushahidi kwamba kwa miaka zaidi ya mia hakuna aliyekuja na majivu.

Upangaji wa madaraja unajengwa hapo. Wamarekani hutumia ngazi ya 1 hadi 70, na kampuni zao mbili kubwa, PCGS na NGC, huifungia sarafu ndani ya kasha la plastiki pamoja na namba yake. Iliyosuguliwa haipewi namba ya kawaida. Hufungiwa na maelezo kwamba imesafishwa, na mnunuzi akisoma maelezo hayo anashusha bei hata kabla ya kuangalia mwaka. Wajerumani wana maneno yao, kutoka chini kwenda juu: schön, sehr schön, vorzüglich, halafu Stempelglanz. Msidanganywe na schön. Maana yake ni "nzuri", lakini kwenye sarafu ni ile iliyochakaa sana. Nimeona watu wakishangilia kuambiwa sarafu yao ni nzuri.

Kwa zako kumi zilizobaki, tazama sehemu zilizoinuka, kwa kuwa ndizo zinazolika kwanza: yule tai juu ya kofia, masharubu, bega. Manyoya ya tai yakihesabika, hiyo iweke peke yake. Ikiwa tai amebaki kama uvimbe tu, hiyo ni ya kawaida. Kisha geuza. Za hadi 1902 ni za ile kampuni ya Kijerumani, zina simba na mnazi. Kuanzia 1904 ni za serikali ya koloni, zina maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, na huwa na herufi ndogo, A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Niandikie mwaka pamoja na herufi, maana rupia ya mwaka mmoja huweza kutofautiana bei kwa herufi hiyo tu.

Pima na uzito. Rupia nzima ina gramu 11.66, na kati ya sehemu 1000 za madini, 917 ni fedha. Ni kama gramu 10.7 za fedha tupu. Zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo, upate sakafu. Asikununulie mtu chini ya hapo, hata hiyo uliyosugua. Juu ya sakafu ndipo hali ya sarafu inapozungumza, na sarafu mbili za rupia moja za mwaka uleule huachana bei mara kadhaa kwa sababu ya huyo tai.

Kwa kutambua feki, sumaku waachie watoto. Kweli fedha haivutwi, lakini hata shaba na nikeli iliyochanganywa na shaba hazivutwi, na feki nyingi ni za hizo. Tumia mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Weka glasi ya maji juu yake, irudishe kwenye sifuri, kisha iteremshe sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame bila kugusa chini wala pembeni. Rupia halisi itasoma karibu 1.13. Ikifika 1.3 au zaidi, hiyo si fedha unayoambiwa.

Ile ya 1780 nitakuvunja moyo kidogo. Ni Maria Theresa, ile ambayo wazee wa Pwani waliiita reale. Huyo mama alikufa Novemba 1780, na tangu hapo sarafu yake imeendelea kupigwa na mwaka uleule, kwa kuwa wafanyabiashara wa Uhabeshi, Yemen na Omani hawakutaka nyingine. Imepigwa Vienna, Roma, London, Bombay, na Vienna wanaipiga hadi leo. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa haukuambii umri wake. Ikiwa nzima ina gramu 28 na kidogo, fedha tupu kama 23.4, na nyingi zinauzwa karibu na hapo. Milioni sahau. Kama ndani ya kopo kungekuwa na riali ya Sayyid Barghash ya 1299 Hijria, ningepanda basi mwenyewe.

Shilingi za simba: za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha, chini ya gramu mbili kila moja. Za 1948 na kuendelea ni shaba na nikeli, hazina fedha hata chembe.

Huyo rafiki wa mjomba simjui, lakini aina yake naijua. Mara nyingi anayekwambia "safisha kwanza" ndiye atakayerudi kukwambia "imesafishwa, siwezi kukupa bei". Wapo pia wanaopita vijijini wakitafuta rupia "inayovuta mchele". Wanadai ada ya kuipima, halafu ada ya mganga, halafu ada ya mzungu anayesubiri hotelini Dar. Rupia haivuti mchele. Haina zebaki, haina jini, na huyo mzungu hajawahi kushuka kwenye ndege. Mtu akikutaka utoe pesa ili akununulie mali yako, mfungulie mlango aende. Na anayetaka kuondoka na sarafu "akazionyeshe", mpe picha.

Picha zenyewe: mchana, kivulini, bila flashi, pande zote mbili. Shika sarafu kwenye ukingo tu, wala usiifute kwa kanga kabla ya kupiga. Kila moja iingie kwenye bahasha yake ya karatasi kavu. Mifuko laini ya plastiki iache. Mingi hutoa ute wa kijani kwa joto letu la Pwani, nao unakula madini. Zikiwa na tope la kweli, ziloweke kwenye maji safi, badilisha maji, ziache zikauke juu ya kitambaa bila kusugua.

Na hiyo ya 1891, tafadhali usijaribu kuirudishia weusi kwa yai la kuchemsha. Najua kuna atakayekushauri. Weusi wa yai huja na madoa ya njano na zambarau ndani ya siku mbili, nasi tunautambua. Iweke kwenye bahasha, uandike juu yake "imesafishwa", kisha nitumie picha za zile kumi.