Usichague Marehemu wa Kuomboleza

Kila mwaka Agosti inapobisha hodi, vijana wa mtaani kwetu huniuliza: sisi hatukuwa tumezaliwa mwaka 1998, tutakumbuka nini? Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapeleka katika bustani ya kumbukumbu ya waliouawa kwa bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, na ninayoandika hapa nimejifunza huko, mengine sebuleni kwetu.

Kabla hujamweleza kijana habari za al-Qaeda na siasa za dunia, msimamishe mbele ya ukuta wa majina ayasome kwa sauti. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, mwendo wa saa nne na nusu asubuhi, lori lililosheheni vilipuzi lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani. Nairobi ilipoteza watu 213. Dar es Salaam, iliyoshambuliwa asubuhi hiyo hiyo, ilipoteza 11. Wamarekani waliofariki Nairobi walikuwa 12; wengine waliofariki karibu wote walikuwa Wakenya. Walikuwa makarani, wanafunzi wa uhazili waliofunikwa na jumba la Ufundi, jirani na ubalozi, lilipoporomoka, abiria wa basi lililokuwa likipita, watu waliotumwa mjini asubuhi na wasirudi. Yasome majina hayo polepole, utasikia Pwani, Nyanza, Mlima Kenya, Magharibi na Bonde la Ufa katika ukuta mmoja. Hakuna hotuba niliyoisikia pale iliyowahi kuzidi usomaji huo.

Shangazi yangu alikuwa orofani katika jengo la Cooperative, jirani na ubalozi. Aliposikia kishindo cha kwanza alikimbilia dirishani kutazama, kama walivyofanya wengi, na mlipuko mkubwa ukamkuta hapo hapo. Vioo vilimtoa jicho. Waliomshusha ngazi hakuwajua na hajawajua hadi leo. Matatu iliyomfikisha hospitali haikumdai nauli, na damu aliyoongezewa ilitoka kwa watu waliopanga foleni kutwa nzima bila kuuliza inakwenda kwa nani. Ukipata bahati ya kuketi na mtu kama yeye, tafadhali usimwombe akusimulie mlipuko. Amechoka kuusimulia, na kila akiusimulia huulipia usiku. Muulize ya baadaye: aliwalipiaje watoto karo, dawa anapata wapi, nani bado humtembelea. Hapo ataongea, nawe utaelewa kwamba kwa watu hawa msiba unaendelea. Mwaka 2020 Sudan, iliyoshutumiwa kuwahi kuwahifadhi al-Qaeda, ilikubali kulipa Marekani dola milioni 335 kwa ajili ya waathirika inaowatambua. Mkenya aliyekuwa akipita njia au akifanya kazi jengo la jirani hakuhesabiwa humo. Jambo hilo linaniuma, na sioni aibu kulisema mbele ya mgeni yeyote wa heshima anayekuja pale na shada la maua.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Tarehe 7 Agosti tuliomboleza bila kumgawa marehemu. Misiba iliyofuata tumeigawa.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza ghasia ilirekodi vifo 1,133. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa lilichomwa Kiambaa, karibu na Eldoret, likiwa na akina mama na watoto waliokimbilia usalama. Tarehe 27 Januari, Naivasha, watu 19 wakiwemo watoto waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Kisumu, wengi waliokufa walipigwa risasi na polisi. Waliouawa Kiambaa hawakuwa wa jamii moja na waliouawa Naivasha na Kisumu. Nimeketi katika nyumba zinazokumbuka Kiambaa kila mwaka ambazo sijawahi kusikia zikitaja Naivasha. Nimeketi pia katika nyumba zinazolilia Naivasha na Kisumu, na ukitaja Kiambaa watu hutazama chini au hubadilisha mazungumzo. Watoto wa nyumba hizo wanakutana shuleni na kazini, kila mmoja akiamini kwamba ni wa kwao tu waliouawa.

Ushauri wangu kwa mzazi ni huu: ukimsimulia mwanao msiba wa kwenu, siku hiyo hiyo msimulie na wa jirani. Usiuache hadi kesho, maana kesho haifiki. Mimi nilianza kwa kumwomba rafiki yangu wa jamii nyingine aje kwetu asimulie mwenyewe, wazee wetu wakiwepo. Mjomba mmoja aliondoka kabla hajamaliza. Alirudi jioni akauliza jina la marehemu dada yake yule rafiki. Sikumwongezea neno, nami nakushauri usiharakishe watu: anayesikiliza kwa shida bado anasikiliza.

Tuna mifano yetu ya kuwafundisha watoto, hatuhitaji kukopa. Desemba 2015 al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera wakaamuru Waislamu na Wakristo watengane. Abiria Waislamu walikataa. Wengine waliwapa wanawake Wakristo hijabu za kujifunika. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa Waislamu hao, alipigwa risasi siku hiyo na akafariki mwezi uliofuata. Yeye ni shujaa wa taifa kwa maana kamili, na mtoto wa Nyeri au Homa Bay anapaswa kulijua jina lake kama analijua la mwanasiasa wa kwao.

Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi, wakisema hawana kabila wala chama. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya Juni na Julai. Haikuchukua muda nikaanza kuona kwenye makundi ya WhatsApp watu wakichambua majina ya ukoo ya wale waliouawa, ili wajue kama wawahurumie. Hapo usinyamaze. Ila usimwaibishe mtu mbele ya kundi zima, kwa sababu atajitetea na wenzake watamtetea. Mpigie simu. Akituma video ya vurugu, muulize ni ya wapi na ya lini. Mara nyingi hajui, na akigundua hajui, huifuta mwenyewe. Kwangu simu imefanya kazi ambayo mabishano ya kuandikiana hayajawahi kufanya.

Kuna jambo la kalenda ambalo wengi hawajaliangalia. Katiba ya 2010 iliweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, na Jumanne hiyo haiwezi kuja kabla ya tarehe 8 wala kupita tarehe 14. Kwa hiyo mwaka wa uchaguzi wa Agosti, kumbukumbu ya tarehe 7 huja siku moja hadi saba kabla ya kura, joto la siasa likiwa juu. Mwaka 2027 itakuwa Jumamosi, siku tatu kabla ya kura ya tarehe 10. Mikutano itakuwa kila uwanja, na watakaokualika watakuwa wengi. Panga mapema kwamba asubuhi hiyo utakuwa kwenye bustani, uende na mtu mmoja ambaye unajua kura yake na yako hazitafanana, na mkifika pale, yeye asome nusu ya majina, wewe usome nusu.