Maswali ya Wasomaji: Mwamba Wako, Siri Yako

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wavuvi wa mshipi na wa pweza, na karibu zote zinauliza jambo moja: ukishapajua pahali penye samaki, utapatunzaje pasigeuke njia ya kila mtu? Tumechagua sita.

Shikamooni. Nina mwamba wa changu na tewa nilioupata mwaka jana. Kila nikishusha mzigo mzuri, kesho yake vyombo viwili vitatu vinanifuata. Nifanyeje?
*Mvuvi wa mshipi, Pangani*

Marahaba. Anza kurekebisha dikoni, pale mnapopakulia samaki, maana siri nyingi huvuja huko kabla hazijavuja baharini. Wenzako wanasoma mzigo wako. Tewa wakubwa na kungu wekundu wanaeleza kwamba umetoka kwenye mwamba wa kina. Tasi na pono wanaeleza kwamba ulikuwa karibu na majani na matumbawe ya maji mafupi. Tope lililokauka kwenye kucha za nanga linaonyesha sakafu uliyolala juu yake. Lita za petroli ulizonunua, ukubwa wa mashine yako na saa uliyorudi, hizo tatu zinampa mtu mwenye akili umbali wa mwamba wako kwa kukadiria tu.

Kwa hiyo nunua mafuta kiasi kilekile kila safari, hata kama ni safari fupi, na yanayobaki yaweke kwenye dumu nyumbani. Osha nanga na kamba kabla hujafika ufukweni. Samaki wa mwambani wachanganye tengani na wale uliowavua pahali panapojulikana, na ikiwezekana uza kwa mchuuzi mmoja asiyependa maneno badala ya kupanga vyote mnadani. Ukiulizwa, taja upande mpana ulioelekea kisha nyamaza. Uongo unachosha kuukumbuka, na wavuvi wana kumbukumbu ndefu.

Baharini, kinachokusaliti ni tanga. Mtu aliyeketi chomboni, jicho lake likiwa mita 1.5 juu ya maji, upeo wa macho yake uko kilomita 4 na kidogo. Tanga la mita 6 linaweza kumchungulia kutoka kilomita 13. Likishushwa, kikabaki chombo chenye kimo cha mita 1, umbali huo unapungua hadi kilomita 8, na kwenye mawimbi ya kusi ni pungufu zaidi. Shusha tanga mapema, ukaribie kwa kasia au mashine. Ukiona unafuatwa, usikimbie wala usipinde ghafla, kwa kuwa hapo ndipo unapothibitisha kwamba una kitu. Tia nanga kwenye mwamba unaojulikana na wote, vua kwa nusu saa au saa nzima kwa dhati, na anayekufuata ataanza kuhesabu mafuta yake.

Jambo moja hatukubaliani nalo kabisa: kutoka usiku na umande, upepo wa nchi kavu, huku taa imezimwa ili usionekane. Mashua ya mizigo haitakuona pia. Washa taa, na kama ni lazima, badili siku.

Tena usiurudie mwamba huo kila siku, hata kama hakuna anayekuona. Tewa hukua taratibu na hukaa pahali pamoja; ukiwamaliza wakubwa, nafasi zao hazijazi kwa mwezi wala kwa msimu. Ukikuta tewa wengi wamekusanyika ghafla, majike yana matumbo yamejaa mayai, ujue wamekuja kuzaa. Hapo ng'oa nanga. Mkusanyiko kama huo ukivuliwa misimu michache mfululizo hutoweka, na siri yako itakuwa ya mwamba mtupu.

Babu yangu hatumii kifaa chochote. Anaufunga mwamba kwa alama za nchi kavu na anaupata kila mara. Mimi nikitumia alama zilezile nakosa. Tatizo ni nini?
*Kijana, Msimbati*

Alama za nchi kavu ndiyo siri bora kuliko zote, kwa sababu hazikai kwenye simu ambayo mtu anaweza kuichukua. Ila zina kanuni zake, na huenda babu anazifuata bila kuzitaja.

Unahitaji mistari miwili. Kila mstari una vitu viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, vinavyoonekana vimefungana ukiwa juu ya mwamba: mathalani mbuyu wa ufukweni uwe umeingia chini ya mnara wa simu. Mstari wa pili utafute upande mwingine wa pwani au kwenye kisiwa, ukate wa kwanza kwa pembe iliyo karibu na nyuzi 90. Kati ya nyuzi 60 na 120 bado ni salama. Mistari ikikatana kwa nyuzi 20, eneo la kukosea linarefuka mara nne hivi, na linarefuka kuelekea baharini, kwenye kina.

Kosa la vijana wengi liko kwenye nafasi kati ya kitu cha mbele na cha nyuma. Tuseme cha mbele kiko kilomita 4 kutoka kwenye chombo. Cha nyuma kikiwa kilomita 2 zaidi ndani ya nchi, jicho zuri asubuhi isiyo na ukungu litaona vimeachana ukisogea mita 4 tu pembeni. Cha nyuma kikiwa mita 200 tu kutoka cha mbele, utasogea karibu mita 25 kabla hujaona tofauti yoyote. Mwamba wenye upana wa mita 15 umeshaupita. Tafuta alama ya nyuma iliyo mbali kadiri macho yanavyoruhusu: kilima, mnara, kichwa cha msitu.

Chagua vitu visivyoondoka. Mnazi hukatwa, paa la makuti huezuliwa, hoteli mpya huinuka ikafunika mbuyu. Weka mstari wa tatu wa akiba. Na tazama majira: siku zenye ukungu mlima wa nyuma unapotea kabisa, kwa hiyo mstari mmoja angalau uwe wa vitu vya karibu.

Ukifika juu ya alama, thibitisha kwa bildi, yaani kamba yenye risasi nzito ya kupimia kina. Paka risasi yake mafuta mazito upande wa chini. Ikigonga mwamba hurudi safi au na mikwaruzo. Ikigonga mchanga hurudi na chembe zimenata. Hesabu kina kwa pima na ukumbuke maji: wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, kwenye sehemu kubwa ya pwani yetu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, yaani pima mbili na ziada. Pengine babu anaipunguza kichwani nawe huipunguzi.

Nimenunua GPS ndogo ya mkononi. Nahifadhi sehemu vizuri, lakini nikirudi sipati samaki. Nasogea mita mia ndipo nawapata. Pia naogopa mabaharia wangu wataiba namba.
*Nahodha, Shimoni*

Kifaa chako huenda ni kizima. Chini ya mbingu wazi GPS ya mkononi hukosea mita 3 hadi 5 tu. Kosa ni kwamba unahifadhi ukiwa umeshatia nanga. Kwenye kina cha mita 30, kamba ikiwa mita 60 na imekazika, chombo kinalala kama mita 50 kutoka ilipo nanga. Mkondo ukigeuka, unalala mita 50 upande wa pili. Hizo ndizo mita mia zako. Pita juu ya mwamba polepole, bildi au kipima kina kikionyesha kilele, bonyeza hapohapo, kisha uende upande unakotoka mkondo kutia nanga ili chombo kirudi nyuma hadi juu ya samaki. Hifadhi sehemu mbili: ya kilele na ya nanga, na andika mkondo ulikuwa unaelekea wapi.

Angalia pia namba zimeandikwaje. 6.250 kwa nyuzi ni nyuzi 6 na dakika 15. Mtu akisoma nyuzi 6 na dakika 25, amekwenda dakika 10 kando, na dakika moja ya latitudo ni mita 1,852. Hiyo ni kilomita 18 na nusu.

Kuhusu mabaharia: usiipe sehemu jina linalojieleza, kama "tewa wakubwa". Tumia namba tupu. Wapo wanaohamisha sehemu zote kwa kiasi kimoja, mathalani nusu dakika kaskazini, ambayo ni mita 926, na kiasi hicho wanakikumbuka wao tu. Inafanya kazi kwa masharti mawili: uhamishe sehemu zote za kuvulia bila kubakiza hata moja, na usihamishe kamwe mlango wa mwamba, bandari wala sehemu ya hatari. Siku nahodha akiugua ghafla, baharia atafuata namba za kifaa kurudi nyumbani, na namba ya uongo itamvunja mwambani.

Hata hivyo baharia aliyevua juu ya mwamba huo mara kadhaa ataujua, namba au bila namba. Dawa yake ni mgao wa haki unaojulikana kabla ya safari. Anayeona anapunjwa ndiye anayehamia chombo kingine na mwamba wako kichwani.

Simu nayo itazame. Kamera ikiruhusiwa kutumia mahali ulipo, kila picha ya samaki inabeba namba za mwamba ndani yake. Zima ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya kamera. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Ikitumwa kama waraka, zinakwenda nayo. Na mpige picha samaki chomboni ukiinamisha kamera chini, maana kisiwa nyuma ya bega lako ni nusu ya alama.

Mimi ni mvuvi wa pweza. Mashimo yangu yanavamiwa na watu wanaonifuata bamvua linapotoka. Nayafichaje?
*Mama, Jambiani*

Mama, pole. Kinachoonyesha shimo ni taka za pweza mwenyewe: magamba ya kaa na chaza yaliyorundikana mlangoni, na vijiwe alivyovivuta kujizibia. Ukishamtoa, tawanya magamba hayo mbali, kisha rudisha vijiwe mlangoni. Shimo zuri lililoachwa likiwa zima mara nyingi hupata pweza mwingine baada ya siku chache. Lililovunjwa kwa chuma halipati tena, kwa hiyo tumia mchokoo mwembamba, fimbo ya kumchokoa pweza, usibomoe.

Usitembee moja kwa moja kutoka shimo hadi shimo. Anza na mashimo ya mbali mara tu maji yanaporuhusu, ukirudi upande wa pwani, ili wanaochelewa wakukute unamalizia kwenye mashimo ya kawaida. Dakika hizo za mwanzo ndizo za siri.

Ukimkuta jike amejizibia ndani kabisa, hashiki mchokoo wala hakuna magamba mapya mlangoni, yuko juu ya mayai. Hali tena, anayalinda hadi yaanguliwe, kisha anakufa. Mwache. Na aliye chini ya gramu 500 sheria ya Tanzania Bara inakataza kumvua. Pweza mdogo huongezeka uzito kwa haraka, kwa hiyo mwezi mmoja wa subira unalipa. Kama kijiji chenu kinafunga mwamba kwa miezi mitatu, kama wanavyofanya Kisiwa Panza na kwingineko, mashimo yako ya siri yamo ndani ya kufunga huko. Siku ya kufungua utakuwa na faida kuliko wengine, maana wewe unajua pa kuanzia.

Mume wangu hasemi anakovua, hata kwangu. Akichelewa sijui nimwambie nani nini. Je, ni sawa?
*Mke wa mvuvi, Kilwa Masoko*

Hapana, si sawa, na tunaomba amsomee mwenzake jibu hili kila mvuvi aliyeoa. Mwamba unafichwa kwa washindani. Safari haifichwi kwa anayesubiri.

Hahitaji kukupa namba halisi kila siku. Akuachie mambo manne: upande anaoelekea na umbali kwa kadirio la maili chache, saa ya mwisho ya kurudi, rangi ya chombo na majina ya waliomo, na nani wa kuambiwa kwanza, yaani mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) au nahodha fulani mwenye mashine. Namba zenyewe ziandikwe zikiwa sahihi, bila kuhamishwa, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi na kutiwa saini juu. Bahasha haifunguliwi mpaka saa ya mwisho ipite. Ikipita, usingoje asubuhi: fungua, mwambie uliyetajiwa, na piga 112. Akirudi salama baada ya bahasha kufunguliwa, abadili mwamba kwa muda; hasara yake ni ndogo.

Saa ya mwisho iwe ya kweli. Mume akizoea kuipita kwa saa tatu, nawe utazoea kutoshtuka.

Naweza kuweka madema (mitego ya samaki) bila chelezo (boya) ili yasionekane? Na nikikuta mtu kwenye mwamba wangu, naweza kumfukuza?
*Msomaji, Msambweni*

Madema: inawezekana, kwa kamba fupi kuliko kina, chelezo kikae chini ya maji. Pima kina maji yakiwa yamepwa kabisa, na uache chelezo angalau mita 2 chini ya uso wa maji hayo, la sivyo mashine ya mwenzio itakata kamba. Utakitafuta kwa alama, na kukinasa kwa kulabu nzito inayokokotwa kukata mstari wa kamba. Usijaribu kwa dema la waya: likipotea, linaendelea kuua samaki muda mrefu bila faida kwa mtu. La fito au mianzi huoza. Dema lolote usiliache zaidi ya siku ulizozoea.

Kumfukuza: huwezi. Bahari ya wazi haina hati ya mtu mmoja, na aliyefika kwa haki anavua kwa haki, ilimradi ana leseni na zana halali. Sogea umpishe kamba ya nanga, umsalimie.