Anza na Neno Dogo: Nilivyojifunza Vitenzi vya Kiingereza vya Maneno Mawili

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya mapokezi, kwenye hoteli moja mjini Arusha, niliwaamsha wazee wawili, mume na mke, saa 10:30 alfajiri kwa sababu ya maneno ya Kiingereza ambayo niliamini ninayajua. Jioni yake mama yule alikuwa amepiga simu mapokezi na kusema, "Could you push our pick-up back an hour?" Gari lao lilipangwa kuwachukua saa 12 asubuhi. Mimi nilisikia "push", sukuma, nikasikia "back", nyuma, nikapata kurudisha nyuma. Na kwa kuwa kwetu saa ikirudishwa nyuma inakuwa mapema zaidi, nikamwagiza dereva afike saa 11, kisha mimi mwenyewe nikaenda kuwagongea mlango nusu saa kabla. Walichokuwa wameomba ni gari lije saa 1, ili wapate kulala zaidi. Mzee alifungua mlango akiwa na nguo za kulalia, akanitazama, akatazama saa yake, wala hakugomba. Nadhani ningejisikia nafuu kama angegomba.

Kosa lile halikutokana na uvivu. Kiingereza nilikisoma miaka yote ya sekondari, ambako karibu masomo yote hufundishwa kwa lugha hiyo, na maneno yote mawili niliyajua vizuri. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kitenzi cha Kiingereza kikishafuatwa na neno dogo kama "up", "off", "out" au "back" mara nyingi huwa kimezaliwa upya, na maana yake haipatikani kwa kujumlisha maneno hayo. Walimu huviita "phrasal verbs". Kwa Mwingereza, jambo lililokuwa "pushed back" limesukumwa mbali naye, kuelekea siku zijazo, na lililokuwa "brought forward" limeletwa karibu, yaani mapema zaidi. Sisi tukisema kikao kimesogezwa mbele tunamaanisha kimeahirishwa. Picha hizi mbili zimepishana kabisa, na anayetafsiri neno kwa neno atakosea huku akijiamini, kama nilivyofanya mimi.

Baada ya asubuhi ile nilinakili orodha ndefu ya vitenzi vya "get", kuanzia "get up" hadi "get through", nikaibandika ukutani juu ya kitanda na kuikariri kila usiku. Simshauri mtu yeyote kufanya hivyo. Orodha ya namna ile hukusanya pamoja vitu vinavyofanana kwa sauti huku vikitofautiana kwa maana, na baada ya wiki mbili nilikuwa nikichanganya hata vile nilivyovijua mwanzo.

Kilichonisaidia ni Kiswahili chenyewe. Sisi hatushangai kuona kipande kidogo kikigeuza kitenzi chote, kwa sababu anayetega mtego na anayeutegua wanatenganishwa na irabu moja tu, na vivyo hivyo kuziba na kuzibua, kukunja na kukunjua. Tofauti ni kwamba sisi kipande hicho tunakishonea ndani ya neno, ilhali Kiingereza hukiweka nje, nyuma yake. Tena mfikirie mgeni aliyefundishwa kwamba kupiga ni kumwumiza mtu kwa mkono au fimbo: atafanya nini na kupiga simu, kupiga pasi, kupiga deki na kupiga magoti? Tutamwambia aache kuling'ang'ania neno "piga" na atazame linalofuata. "Get", "put" na "take" ni piga za Kiingereza. Hata wasemaji wenyewe huliegemea neno dogo: katika "turn it off", mkazo wa sauti huangukia "off".

Kwa hiyo nilianza kujifunza maneno madogo badala ya vitenzi. Chukua "up". Katika "stand up" maana yake ni juu kweli, lakini katika "eat up", "use up", "dry up" na "fill up" hakuna kinachopanda popote. Hapo "up" inasema kwamba tendo limefika mwisho wake, na Kiswahili kina maneno ya kazi hiyo hiyo: kauka kau, jaa pomoni, funga ndi. Kisima kilicho "dried up" kimekauka kau. Tangi la mafuta ukiambiwa "fill it up", lijaze pomoni. Nilipoanza kuisikia "up" namna hiyo, vitenzi vingi nilivyokuwa nikivikariri kimoja kimoja vilijipanga vyenyewe. Si vyote, kwa kweli. "Give up" ni kukata tamaa au kuacha, "put up with" ni kuvumilia, na vya aina hiyo huna budi kuvishika kama vilivyo.

"Off" ilinichukua muda mrefu zaidi. Kiini chake ni kuachana: ukiambiwa "take off your shoes", viatu vinaachana na miguu, na ndege ikiwa "taking off", inaachana na ardhi. Ila "go off" ilinisumbua kwa miezi. "The lights went off", taa zilizimika. "The alarm went off", kengele ya kuamshia ililia. "The milk has gone off", maziwa yameharibika. Kimoja kinanyamaza, kingine kinapiga kelele, cha tatu kinachacha! Nilipata nafuu nilipoacha kutafuta neno moja la Kiswahili la kuyabeba yote matatu, nikatazama kinachofanana ndani yake: taa imeacha kuwaka, kengele imeuacha ukimya, maziwa yameacha kuwa mazima. Kila kimoja kimetoka katika hali kiliyokuwa nayo.

Daftari langu la sasa limepangwa kwa vitenzi vya Kiswahili, kwa sababu mtu hufikiria kwanza jambo analotaka kulifanya, ndipo atafute namna ya kulisema. Ukurasa wa "zima" una "put out" kwa moto na "turn off" kwa taa na redio. Ukurasa wa simu una "hold on" kwa kusubiri, "put through" kwa kumwunganisha mtu na "hang up" kwa kukata. Ukurasa wa "panda" una "get on" kwa basi, treni, ndege na bodaboda, na "get in" kwa gari dogo na teksi. Kushuka ni "get off" kwa vile vya kwanza na "get out of" kwa vya pili.

Ukurasa wa "vaa" ndio uliochafuka kwa masahihisho. Nilipokuwa nikielekezana kwa simu na mgeni aliyekuwa akinitafuta kituo cha mabasi, nilimwambia "I am putting on a white shirt", naye akaniuliza kama asubiri nimalize. Sisi tunasema anavaa na amevaa kwa kitenzi kimoja, na kiambishi -me- hutubebea tofauti ya tendo na hali. Kiingereza hutumia vitenzi viwili: "put on" ni lile tendo la kuvaa, na "wear" au "have on" ni hali ya kuwa umevaa.

Kila sentensi naiandika mara mbili, kwanza kwa nomino, kisha kwa kiwakilishi, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Kwa kuwachukua wageni, unaweza kusema "pick up the guests" au "pick the guests up", lakini ukitumia "them" ni lazima ikae katikati, "pick them up". Kwa upande mwingine, "look after", yaani kutunza, haitenganishwi kamwe. Afrika Mashariki tumezoea kuliacha neno dogo kabisa na kusema "I will pick you at six". Sisi kwa sisi tunaelewana vizuri, ila mgeni anaweza kusikia kwamba atachaguliwa. Mahali pengine tunaliongeza pasipohitajika, kama katika "cope up with", ambayo sahihi yake ni "cope with", kumudu.

Wapo wanaoamini kwamba vitenzi hivi ni lugha ya mitaani tu. Ni kweli kwamba barua rasmi hupendelea "postpone" na "tolerate", maneno yenye asili ya Kilatini, kama ambavyo barua zetu husema kuahirisha wakati mdomoni tunasema kusogeza mbele. Hata hivyo "carry out", kutekeleza, na "set up", kuanzisha, zimejaa katika ripoti za utafiti na mikataba, na hakuna mhariri atakayezikata.

Mgeni anapotaka saa ibadilishwe, siku hizi namrudishia kwa saa kamili, "So the car comes at seven, not six?", nasubiri aitikie, ndipo nimpigie dereva. Ukurasa wa kwanza wa daftari una kitenzi kimoja, ahirisha. Chini yake nimeandika "put off", "push back", na sentensi ya yule mama kama alivyoisema.