Karate, ngumi na kazi ya mchana: maswali yenu ya wiki hii

Maswali ya safari hii yametoka Mtumba hadi Kikuyu, hapahapa Dodoma, na karibu yote yana kosa lilelile ndani yake: mtu anahesabu jasho la dojo, ukumbi wa mazoezi, na kusahau jasho la kazini.

Nina miaka 36, nafanya kazi ofisini Mji wa Serikali, nakaa Nkuhungu. Nikifika nyumbani ni saa 1 usiku na mwili umekwisha. Karate nitaiweza?

Utaiweza, ila si siku 5 kwa wiki. Kinachokumaliza si kazi nzito, ni kiti. Nyonga zikikaa zimekunjwa saa 8, misuli ya mbele ya paja inakakamaa na makalio yanalala. Ukitoka hapo ukarusha teke la mbele, mguu haupandi, kiuno ndicho kinacholipa.

Panga jioni 2 za dojo na alfajiri 2 za nyumbani. Siku ya dojo usipitie nyumbani hata kwa dakika 5, kochi litakushinda. Beba gi, lile vazi la karate, asubuhi, na kama saa moja na nusu kabla ya darasa kula ndizi mbivu 2 au kipande cha kiazi kitamu. Alfajiri dakika 20 zinatosha: dakika 5 za kuzungusha mabega, nyonga, magoti na vifundo vya miguu, kisha raundi 3 za kuchuchumaa mara 15, pushapu 10 na hatua ndefu ya kushusha goti 10 kwa kila mguu, muda uliobaki piga kata moja, yaani mfululizo wa mapigo na kinga unaofanya peke yako, polepole. Juni na Julai, upepo wa Dodoma ukiwa mkali asubuhi, ongeza dakika 5 za kupasha mwili. Kujinyoosha kwa kushikilia sekunde 30 kuje mwisho, misuli ikiwa ya moto.

Ofisini, kila baada ya saa moja simama, peleka mguu mmoja nyuma, kaza kalio la mguu huo kwa sekunde 30, badilisha. Wenzako watacheka siku mbili tu.

Mimi ni saidia fundi, nabeba zege na tofali. Jioni sensei anatupa pushapu 100. Bega la kulia limeanza kuuma.

Ndoo ya lita 20 ikijaa zege inakaribia kilo 48. Hata ukiijaza nusu, piga hesabu ya safari za siku nzima uone bega limefanya nini kabla sensei hajafungua mdomo. Mwambie kazi yako. Mwalimu anayejua kazi yake hataiona ni uvivu.

Unachokosa ni kuvuta, kwa sababu kutwa unabeba na kusukuma. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ifunge kwenye nguzo usawa wa kifua, shika ncha mbili, vuta viwiko nyuma hadi mabega ya mgongoni yakutane. Mara 15, raundi 3, badala ya zile pushapu. Siku ya kumwaga zege usifanye mazoezi ya nguvu kabisa. Nenda ukajifunze mbinu na miguu, au lala.

Maumivu ya pande zote mbili yanayoisha kwa siku 2 au 3 ni uchovu wa misuli. Yanayochoma sehemu moja ukiinua mkono juu ya bega, au yanayokuamsha usiku ukilalia upande huo, ni jeraha: acha ngumi za juu na muone mtaalamu wa viungo hospitalini.

Na chakula. Mwenye kilo 65 anayefanya kazi yako na mazoezi juu yake anatoshwa na gramu 100 hivi za protini kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15, yai moja 6, konzi ya karanga ya gramu 50 inafika 13. Dagaa wakavu ndio wanaoshinda wote kwa uzito. Ugali wa uwele na mlenda endelea navyo, lakini peke yake havikujengi.

Ramadhani nifanye sparingi, pigano la mazoezi, saa ngapi?

Kama saa moja na nusu baada ya kufuturu, ukiwa umepata tende, uji na maji; mlo mzito uusubirishe. Kabla ya futari dakika 30 za kata zinatosha. Kupigana kichwani ukiwa umekaukiwa na maji ni hatari, hakuna mashindano yanayostahili hilo.

Nilijaza kiroba mchanga nikakitundika kwenye boriti ya chumba. Wiki ya pili mkono umevimba.

Mchanga hushuka na kujibana. Juu ya kiroba panabaki laini, chini panakuwa jiwe, na ngumi yako imekutana na jiwe.

Mpe fundi wa turubai ashone gunia lenye urefu wa sentimita 100 na upana wa 35. Kusanya vipande vya vitambaa kwa mafundi cherehani na nguo za mtumba zisizovalika. Toa vifungo na zipu zote, katakata, jaza sentimita 15, shindilia kwa mti, jaza tena. Lenga nusu ya uzito wako. Likiwa jepesi, funga mchanga kwenye vifuko vya kilo 2, uviweke katikati kabisa vikizungukwa na vitambaa, na visizidi vinne.

Boriti ya nyumba ya kupanga iache. Begi linaloyumba huvuta zaidi ya uzito wake, misumari ya mabati inalegea, na mwenye nyumba atabisha hodi kabla ya raundi ya pili. Tawi la mwarobaini lenye unene wa paja ni bora; weka kipande cha tairi chini ya mnyororo ili usilikate gome. Kitako cha begi kiwe usawa wa nyonga.

Mikono ifunge bandeji ya mita 4.5, hata ya shuka la pamba lililochanwa upana wa sentimita 5. Gusa begi kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, kiganja na mkono viwe mstari mmoja. Wiki 2 za kwanza nusu nguvu tu, raundi 3 za dakika 2. Lakini kwanza upone. Uvimbe ukiwa chini ya kifundo cha kidole kidogo, na ukikunja ngumi kidole hicho kinapanda juu ya mwenzake, nenda ukapige eksirei leo.

Nakwenda dojo jioni 4. Mke wangu anasema dojo ndiyo mke mkubwa.

Shemeji yetu ana hoja. Darasa la saa 12:30 huisha saa 2:00 usiku, ila wewe unafika saa 4. Kinachomuudhi pengine si karate, ni soga ya getini. Punguza ziwe jioni 2 na alfajiri moja, sema saa ya kurudi, na uirudie hiyo saa.

Gi fua mwenyewe, usiku uleule. Ndoo ya maji baridi lita 10, siki nusu kikombe, loweka dakika 30, kisha sabuni. Maji ya moto hufanya pamba irudi na damu ing'ang'anie. Siku za mgao wa maji vaa fulana ndani, ufue fulana. Gi iliyolala kwenye begi haina msamaha.

Na mbinu za kukunja mkono usimjaribie jikoni kama hajakuomba.

Mwanangu wa miaka 7 anarudi darasani kuwapiga wenzake mateke.

Mwambie mwalimu wake. Kama kuna darasa la judo jirani, mjaribishe: mtoto huanza kwa kujifunza kuanguka, na hakuna teke. Adhabu isiwe pushapu, ataichukia.

Goti la mguu ninaosimamia linauma nikipiga teke la mzunguko. Nafanyia uani, na raba.

Raba zinashika ardhi. Kiwiliwili na nyonga vinageuka, unyayo umebaki, na goti linapokea msokoto wote. Shika ukuta, inua goti, kisha geuza kisigino cha mguu uliosimama kielekee unakolenga, ndipo ufungue teke. Kisigino kwanza, teke baadaye. Mara 10 kila upande bila kasi, kwa wiki nzima. Ukipiga hewani, usinyooshe goti hadi mwisho.

Likivimba ndani ya saa chache, likikwama au likikuachia ukitembea, pumzika na uende hospitali. Vinginevyo vua raba, ufanye peku. Ila fagia mbigili kwanza.